UZI: Sanduku la babu limejaa vijitabu vya mechi vya Sunderland ya Uingereza. Je, Simba ilipataje jina lile?

#1 Majengo_Kwetu (Moshi)
Wakuu, heshima kwenu. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana. Kwenye kugawana vitu vyake nikaachiwa sanduku la bati ambalo hakuna aliyelitaka. Kufungua, nakuta vijitabu vya mechi za Uingereza, vile shabiki anavyouziwa getini kabla ya mpira kuanza: vikosi katikati, salamu za klabu, ratiba, matangazo ya bia na sigara. Vingi ni vya Sunderland, uwanja wa Roker Park, na vichache ni vya Manchester United.

Babu alikuwa Simba damu, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anaiita timu yake "Sanda", yaani Sunderland, jina la zamani la Simba. Dai langu ni hili: wazee wetu walilipata jina la Sunderland kwenye karatasi kama hizi. Kama kuna mwenye hoja tofauti aje nayo.

Pili naomba msaada. Kimoja hakina jalada, panya wamelila, sijui ni cha mwaka gani. Wageni ni Manchester United. Sunderland namba 5 ni Hurley, United namba 10 ni Law. Halafu mchapaji kaandika jina Dunne mara mbili kwenye kikosi cha United. Kuna majina mawili yamekatwa kwa kalamu na mengine yameandikwa juu yake, na mwandiko si wa babu. Picha nitaweka jioni, mtandao wa huku leo unasumbua.

#2 Chalii_wa_Sakina (Arusha)
Naweka kambi hapa. Mangi, usiuze kitu mpaka wajuzi wafike.

#3 Msimbazi_Kaskazini
Hoja ya mleta mada inaingia akilini. Sunderland ya Uingereza ilichukua ubingwa wa ligi msimu wa 1935/36, na Simba imezaliwa 1936. Mwaka uliofuata wakabeba Kombe la FA, waliifunga Preston 3-1 pale Wembley. Miaka hiyo ukitaka kuipa timu yako jina la wakubwa, wakubwa ndio hao. Na rangi je? Sunderland ni nyekundu na nyeupe. Simba ni nyekundu na nyeupe. Mnataka ushahidi gani tena?

#4 Mwananchi_Damu
Sisi Yanga tulizaliwa 1935 na tukajiita Vijana wa Afrika. Hatukukopa jina kwa Mwingereza.

#5 Mwalimu_wa_Rau
Msimbazi_Kaskazini, hesabu yako ya 1936 ina tundu. Klabu haikuanza na jina la Sunderland. Ilianza kama Queens, ikaja kuwa Eagles, Sunderland likafuata baadaye. Kwa hiyo ubingwa wa 1936 na kuzaliwa kwa klabu kukutana mwaka mmoja hakuthibitishi chochote kuhusu jina. Swali la kuuliza ni nani alilileta jina kwenye kikao cha wanachama, na alikuwa amesoma au amesikia nini.

Mwananchi_Damu, Young Africans nalo ni Kiingereza, kijana wangu.

#6 KaratasiZaKale (Arusha)
Mimi nakusanya karatasi za michezo. Tuanze na kile kisicho na jalada, maana mwaka wake unapatikana bila jalada.

Law alihamia United mwaka 1962, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Sunderland walishuka daraja 1958, mara ya kwanza katika historia yao, wakarudi 1964. Maana yake kati ya 1962 na 1964 hawakuwa ligi moja na United. Walikutana kwenye Kombe la FA tu, robo fainali ya 1964: 3-3 Old Trafford, marudio Roker Park 2-2, ya tatu wakapelekwa Huddersfield, United wakashinda 5-1. Ile ya Roker Park watu walifurika mpaka mageti yakavunjwa.

Sasa Majengo_Kwetu, nijibu: kwenye kikosi kuna namba 12? Na hao Dunne wawili wana namba gani?

#7 Majengo_Kwetu
Hakuna namba 12, zinaishia 11. Dunne mmoja ni namba 1, mwingine ni namba 3.

#8 KaratasiZaKale
Basi mchapaji wako hana kosa lolote. Namba 1 ni Pat Dunne, kipa, alisajiliwa kutoka Ireland mwaka 1964 msimu ukiwa umeshaisha. Namba 3 ni Tony Dunne, beki wa kushoto. Robo fainali ya kombe ilichezwa Machi, Pat alikuwa hajafika. Na ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba kuanzia Agosti 1965, ndipo namba 12 ilipoanza kuchapwa chini ya wale 11. Kipa Pat Dunne yupo, namba 12 haipo: una kijitabu cha msimu wa 1964/65, na msimu huo United walikuwa mabingwa.

Hivi ndivyo vinavyosomwa. Bei nayo inasaidia. Ukiona imeandikwa 3d au 6d, hiyo d ni peni za zamani zilizofutwa Februari 1971.

#9 Chalii_wa_Sakina
Aisee! Panya kala jalada na mwaka bado umepatikana.

#10 Binti_Kibosho
Naomba kuuliza, hizo zilizokatwa kwa kalamu vipi? Mtoto alichezea?

#11 Mzee wa Kaloleni (Arusha)
Hapana binti yangu. Kikosi kilikuwa kinachapwa siku kadhaa kabla. Siku ya mechi mtu kaumia, mwingine kaingizwa, basi kabla ya kuanza mtangazaji wa uwanja anasoma mabadiliko na kila mwenye kijitabu anatoa kalamu anarekebisha. Kwa hiyo aliyeandika hayo majina alikuwa amesimama Roker Park siku ile. Hapo ndipo pa kuanzia kumtafuta.

#12 Binti_Kibosho
Shikamoo mzee. Asante.

#13 Muuza_Vitabu_Memorial (Moshi)
Tuongee biashara. Kwa wanaonunua, kijitabu chenye wino kinashuka bei. Kilichokatwa jalada ndiyo kabisa. Ila hata hivyo mleta mada unaweza kuwa na hela nzuri hapo. Kuna kile cha fainali ya Kombe la FA 1882, Old Etonians na Blackburn Rovers, kiliuzwa London mwaka 2013 kwa pauni 35,250. Fikiria ni nyumba ngapi Bomambuzi.

#14 KaratasiZaKale
Usimtie mwenzio tamaa. Kile cha 1882 ni karatasi ya zamani mno iliyobaki kwa bahati. Vya miaka ya 60 vilichapwa maelfu kwa maelfu kila mechi na Waingereza wengi walivitunza. Vingi bei yake haizidi chakula cha mchana. Thamani ya sanduku hili ni kwamba limekutwa Moshi.

Na kuhusu wino sikubaliani nawe hata kidogo. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba United ilianguka Munich, watu 23 wakafa, wanane kati yao wachezaji. Mechi yao ya kwanza baada ya hapo ilikuwa tarehe 19 mwezi huohuo, Kombe la FA dhidi ya Sheffield Wednesday. Wachapaji walipouliza kikosi, hakuna aliyekuwa na jibu. Kijitabu kikatoka na nafasi 11 tupu upande wa United. Stan Crowther alisajiliwa ikiwa imebaki kama saa moja mpira uanze. Watu wakajaza majina kwa mikono yao wenyewe pale jukwaani. United walishinda 3-0. Sasa niambie, nakala yenye mwandiko wa mtu aliyekuwepo usiku ule imeharibika au imekamilika?

#15 Muuza_Vitabu_Memorial
Hiyo ya Munich ni ya peke yake, mkuu. Mimi nazungumzia soko la kawaida. Mnunuzi anataka safi.

#16 Fundi_Redio
Mwaka ule Sheffield Wednesday waliwezaje hata kucheza mbele ya watu wale wanaolia. Nimesoma hiyo #14 mara mbili.

#17 Majengo_Kwetu
Picha zimegoma tena. Ila nina maswali mengine mawili. Kwenye vya United karibu vyote kuna pembe imekatwa kwa mkasi, mraba mdogo. Na kwenye kimoja cha Sunderland kuna orodha ya mechi nyingine za siku hiyo, kila moja ina herufi, A, B, C inaendelea, na kisanduku kitupu pembeni. Hiyo ni kamari?

#18 Chalii_wa_Sakina
Mkeka huo! Babu alikuwa anabeti.

#19 Mzee wa Kaloleni
Wewe Chalii, mwache marehemu apumzike. Siyo mkeka. Simu za mkononi hazikuwepo na redio ya mfukoni wachache walikuwa nayo, lakini watu walitaka kujua wenzao wanaendeleaje. Wakati wa mapumziko vijana wa uwanja walitundika namba kwenye ubao mkubwa: A 1-0, B 2-2. Ubao haukusema A ni nani. Ukitaka kujua A ni Arsenal au ni Burnley, lazima uwe umenunua kijitabu. Ndivyo klabu zilivyouza. Kisanduku ni cha wewe kuandika matokeo.

#20 KaratasiZaKale
Mzee umemaliza. Na pembe zilizokatwa ni kuponi. United waliweka kuponi ndani ya kijitabu, shabiki akikusanya nyingi anapata nafasi ya kununua tiketi ya mechi kubwa, fainali kwa mfano. Aliyekata alikuwa anahudhuria kweli, tena mara nyingi.

#21 Fundi_Redio
Hapo sasa mambo yanakuwa magumu. Aliyeandika majina alikuwa Roker Park, Sunderland. Aliyekata kuponi alikuwa Old Trafford, Manchester. Ni miji miwili yenye mwendo mrefu kati yake. Ni mtu mmoja kweli? Majengo_Kwetu, babu alifanya kazi wapi?

#22 Majengo_Kwetu
Reli. Moshi, Tanga, akarudi Moshi. Hajawahi kupanda ndege.

#23 Fundi_Redio
Basi mimi nasema ni mhandisi wa Kiingereza wa reli. Wakati wa kuondoka wengi waliacha vitu kwa wafanyakazi wao: baiskeli, redio, vitabu. Babu kaachiwa furushi.

#24 Binti_Kibosho
Mbona inaweza kuwa barua? Baba yangu alikuwa na rafiki wa kalamu huko Uingereza miaka hiyo, walitumiana stempu na kalenda. Mtu wa United na mtu wa Sunderland hubadilishana vijitabu kwa posta, mmoja akavituma huku. Hiyo inaeleza miji miwili.

#25 Mwalimu_wa_Rau
Au wanafunzi wetu. Miaka ya 60 vijana wa Kilimanjaro walikwenda kusoma Uingereza, na mtu akiishi kule peke yake Jumamosi anakwenda mpirani kama wengine. Akirudi anampa ndugu yake mpenda mpira. Majengo_Kwetu uliza kwenye ukoo nani alisoma nje.

Lakini oneni jambo moja: zote tatu zinabomoa dai la #1. Kijitabu cha 1964/65 hakiwezi kuwa ndicho kilichowapa Simba jina. Ligi yetu ya taifa ya kwanza ilichezwa 1965 na bingwa aliandikwa Sunderland tayari. Babu alikusanya vya Sunderland kwa kuwa timu yake ilishakuwa na jina hilo.

#26 Majengo_Kwetu
Mwalimu, hivyo ni vya 1964 na kuendelea, ila chini ya sanduku kuna viwili vya karatasi nyembamba, kurasa chache mno, wino umefifia. Navyo je?

#27 KaratasiZaKale
Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi iligawiwa kwa mgao Uingereza, klabu zikatoa kikaratasi kimoja kilichokunjwa au hata kisichokunjwa. Usiviguse kwa mkono wenye jasho. Usivitie laminesheni, joto linaua karatasi na hairudi tena. Usitumie gundi ya selotepu, inageuka kahawia na kula maandishi. Pini za stepla zikiwa na kutu zichomoe taratibu kwa nyuma, usivute. Kila kimoja kwenye mfuko wake laini, halafu sanduku lipande juu ya kabati. Masika ya Moshi unayajua, sakafuni ni unyevu na mchwa.

#28 Msimbazi_Kaskazini
Mnaona? Karatasi za wakati wa vita! Askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana pamoja na Waingereza mpaka Burma. Huko ndiko walikosikia habari za Sunderland wakarudi nazo Kariakoo. Nimesema.

#29 Mwalimu_wa_Rau
Umesema, lakini hujaonyesha.

#30 Mwananchi_Damu
Simba mna maelezo kumi ya jina mliloliacha wenyewe. Novemba 2023 tuliwapa tano kwa moja, hizo hazihitaji maelezo.

#31 Msimbazi_Kaskazini
Julai 1977, sita bila. Kawaulize wazee wako.

#32 Msimamizi
Utani wa jadi una jukwaa lake. Turudi kwenye mada.

#33 Chalii_wa_Sakina
Swali langu la dhati: kwa nini sijawahi kuona kijitabu cha namna hii cha timu za huku? Baba alinipeleka Sheikh Amri Abeid nikiwa mdogo, baadaye nimewaona JKT Oljoro wakiwa Ligi Kuu. Nilichotoka nacho getini ni kipande cha tiketi.

#34 Fundi_Redio
Redio ilimaliza kazi. Radio Tanzania ilikuletea kikosi, mpira na matokeo ya viwanja vingine mpaka kijijini. Ununue karatasi ya nini?

#35 Mzee wa Kaloleni
Redio ni sehemu tu. Sababu kubwa ni kikosi chenyewe. Kwetu kikosi ni siri. Kocha anakificha, viongozi wanakificha, kuna mechi wachezaji walijua nani anaanza wakiwa chumba cha kubadilishia nguo. Mambo ya kamati za ufundi mnayajua. Nani angekubali majina 11 yachapwe Jumatano kwa mechi ya Jumapili, yaende mtaani mpaka kwa waganga wa upande wa pili?

#36 Muuza_Vitabu_Memorial
Mzee kagusa penyewe. Lakini karatasi nayo. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 hata daftari la shule lilikuwa shida. Klabu ingepata wapi?

#37 Binti_Kibosho
Nadhani vilikuwepo kwa sura nyingine. Baba alikata misimamo ya ligi kutoka gazeti la Uhuru na Mfanyakazi akabandika kwenye daftari kubwa, pembeni anaandika wafungaji kwa mkono. Ushirika ya Moshi ina kurasa zake nyingi mle. Hilo daftari ndilo kijitabu chetu.

#38 KaratasiZaKale
Binti_Kibosho, naomba hilo daftari lisipotee. Nasema kwa uzito wote. Historia ya Ushirika, Coastal, Pamba, Tukuyu Stars waliobeba ubingwa 1986 na leo watoto hawawajui, iko kwenye madaftari ya namna hiyo na kwenye vichwa vya wazee. Waingereza wenyewe wameanza kuacha: mwaka 2018 klabu za madaraja ya chini ya Ligi Kuu yao zilipiga kura kuondoa ulazima wa kuchapa. Wao wameshachapa kwa zaidi ya miaka 100, wana akiba. Sisi akiba yetu ni daftari la baba yako.

Na wanaosafisha nyumba za wazee waangalie pia Kombe la Gossage, lile lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Karatasi yoyote ya mashindano yale, hata bango lililochanika, niambieni.

#39 Mwalimu_wa_Rau
Nirudi kwenye jina kidogo. Wengi husema lilibadilishwa 1971 kwa sababu ya hali ya nchi. Azimio la Arusha limepita 1967, majina ya kikoloni yanaondolewa kila mahali. Naona ina uzito.

#40 Fundi_Redio
Kama ni hali ya nchi, mbona Cosmopolitan, bingwa wa 1967, alibaki na jina lake? Na Young Africans mbona hawakuwa "Vijana" rasmi? Agizo lilimgusa mmoja tu?

#41 Mzee wa Kaloleni
Kwa sababu Young Africans ni jina la watu wa hapa hata kama limeandikwa Kiingereza. Cosmopolitan si mali ya mtu. Sunderland ni mji wa Uingereza, una klabu yake, na klabu ile iko hai. Ukicheza na timu ya nje unaulizwa wewe ni Sunderland ipi. Klabu za Afrika zilishaanza kukutana miaka ile, Yanga walikuwa wamecheza na Asante Kotoko 1969. Mimi naamini waliona aibu ya kusafiri na jina la wenyewe.

#42 Mwananchi_Damu
Kwa hiyo mzee unakubali Yanga ndio walioonyesha njia.

#43 Msimbazi_Kaskazini
Mzee hajasema hivyo.

#44 Majengo_Kwetu
Nimempigia shangazi mkubwa. Anasema kwenye ukoo kuna mjomba wa bibi aliyesoma Uingereza, lakini alikuwa mtu wa kanisa na mpira hakuupenda. Anamkumbuka pia mzungu wa reli aliyekuja nyumbani Krismasi na mifuko ya magazeti. Kwa hiyo Mwalimu na Fundi wote wana nafasi. Barua hajui.

#45 Binti_Kibosho
Mtu wa kanisa anaweza kubeba mzigo wa mtu mwingine. Angalia nyuma ya vijitabu kama kuna alama ya kukunjwa mara tatu. Vilivyotumwa kwa posta vilikunjwa hivyo vipite kwenye bahasha.

#46 Majengo_Kwetu
Vya United vimekunjwa. Vya Sunderland havijakunjwa.

#47 Fundi_Redio
Basi watu wawili.

#48 Chalii_wa_Sakina
Au mtu mmoja aliyehama mji. KaratasiZaKale, mimi nashuka Moshi Jumamosi na basi la asubuhi. Twende wote tukavione? Mzee wa Kaloleni akikubali, tunampitia.

#49 KaratasiZaKale
Naja, na nabeba mifuko ya kuhifadhia. Binti_Kibosho, lete na daftari tulipige picha ukurasa kwa ukurasa. Tunaanza na vile viwili vya karatasi nyembamba. Majengo_Kwetu, mpaka tufike usivikunjue.